Vitanda Kumi na Viwili vya Kasongwa

1

Kitanda namba tatu kilikohoa, kikataja jina la Maria Kapele, kikasema kimekubali. Kitanda namba saba kikakohoa, kikajiita Agripina, nacho kikakubali. Ilipofika zamu ya kitanda namba kumi na moja, Skolastika Sichilima alikuwa ameshavua miwani, maana kikohozi kile alikisikia utoto wake wote kikitoka jikoni, kwenye moshi wa kuni mbichi. Kitanda namba kumi na moja kikasema kinaitwa Stefania. Aliyesema alikuwa mama yake.

Alirudia kusikiliza mara nne, saa mbili asubuhi, ofisini Dodoma, huku chai ikipoa mezani na wenzake wakibishana habari za mpira. Kisha akatamka neno ambalo mtu aliyesomeshwa na masista hatakiwi kulijua. Alilitamka kwa sauti, na ubishi wa mpira ukakoma.

Kazi yake ilikuwa kuwapangia safari wazamiaji wa kampuni ya Kina Kirefu. Safari ya leo ilikuwa ya watu sita, malori mawili na gari dogo la kuongoza, pamoja na chemba ya mgandamizo, ya kumtulizia mzamiaji damu akishapanda, yenye uzito wa tani tisa, chuma ambacho hakuna ndege ya mikoani ingekubali kukipakia. Walitoka Tanga, wanaelekea Ziwa Tanganyika, na huko washuke mita tisini kulinasua lango la bomba lililozibwa na tope. Juu kwenye nyanda za Ufipa mabomba yalikuwa makavu kwa siku ya tisa.

Madaktari wa uzamiaji walikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: mwili uliochoka haushuki chini ya mita hamsini. Huko chini mtu mchovu hukosea kuhesabu dakika zake, na gesi iliyoingia kwenye damu haisamehi. Zamani wazamiaji walifika, wakalala siku mbili, ndipo wakaingia majini. Siku hizi hakuna aliyelala. Siku hizi walipokewa.

Uchovu haufutiki, huhamishwa tu. Hilo ndilo somo la kwanza la mpangaji, na ndilo la kwanza kusahaulika. Mzamiaji anavaa kofia, mpokezi anavaa yake upande wa pili wa ukuta, katikati pana waya na kisanduku kisichozidi cherehani. Dakika kumi baadaye mzamiaji anainuka kama aliyelala siku mbili, na nafuu hiyo humdumu mchana na usiku. Mpokezi naye ana nusu saa ya kujiweka sawa, kisha anaanguka na kulala mpaka kesho yake. Akishaamka, apumzike siku kumi na nne kabla ya mzigo mwingine. Na kwenye kituo cha mwisho kabla ya maji, ambako uchovu lazima ufagiliwe wote, kila mzamiaji alihitaji wapokezi wawili. Wazamiaji sita, vitanda kumi na viwili.

Nao wapangaji walihesabu vitanda. Majina ya wapokezi yalikuwa siri kwa sheria, sura zao vilevile, hivyo kioo kilisema tu: Tabora, vitanda sita, tayari. Mpanda, vitanda sita, tayari. Kasongwa, vitanda kumi na viwili, tayari. Sauti za kukubali ziliwekwa kwa ajili ya mkaguzi ambaye hakuwahi kuja. Skolastika alizifungua kwa sababu moja tu: siku nne zilizopita msafara mwingine ulikuwa umepita Kasongwa na kuacha mizigo kumi na miwili. Wangewezaje kuwa tayari?

Bwana Semkiwa, meneja wa misafara, alikuja akiwa na kikombe chake mkononi.

"Skola, saini basi. Malori yako nje yananguruma."

"Kasongwa hakuna watu kumi na wawili."

"Kuna vitanda kumi na viwili."

"Nimesema watu, bosi."

"Na mimi nimesema vitanda. Tangu lini tukahesabu watu?"

Akamsikilizisha. Tatu, saba, kumi na moja. Semkiwa alisikiliza akitazama dirishani.

"Watu wa kijiji kimoja," alisema. "Vumbi moja, kikohozi kimoja."

"Huyo ni mama yangu mzazi."

Kikombe kilitua mezani taratibu. Semkiwa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Skolastika zaidi. Mtu mbaya unamchukia ukamaliza. Huyu alikuja msibani kwao, alimsaidia kuhamisha vyombo, na sasa alikuwa anakwepa macho.

"Ulijua?" Skolastika alimuuliza.

"Skola, kituo kile ulikipigania wewe."

Kweli tupu. Miaka miwili nyuma wakubwa walitaka kituo cha mwisho kiwe Mpanda. Skolastika akasimama ukumbini kifua mbele, akitaka na kwao kupatikane angalau kitu kimoja kwenye ramani, akasema, "Watu wa kwetu hawachoki." Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi, ukampa kituo. Maneno yake yakachapwa kwenye fulana, na boksi la fulana akalipeleka mwenyewe nyumbani.

"Haya, panga wewe," Semkiwa alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imekaza. "Ukisema wazamiaji walale wenyewe, hizo ni siku mbili. Watu elfu hamsini, siku mbili zaidi bila tone. Mama yako yumo. Zahanati yenu imo. Nionyeshe hiyo njia ya tatu uliyonayo, niipitishe sasa hivi."

Hakuwa na njia ya tatu. Damu ilimchemka kwa sababu hiyo hasa. Bila saini ya mpangaji gurudumu halizunguki, kwa hiyo akasaini Tabora, akasaini Mpanda, na mbele ya Kasongwa akaacha wazi.

"Hii nitaisaini nikiwa nimesimama mlangoni pao."

"Mpangaji hasafiri."

"Basi leo anasafiri," alisema Skolastika, akachukua mkoba wake, na chai akaiacha palepale.

2

Miaka sita alikuwa amechora vituo vya mapumziko bila kukanyaga hata kimoja. Asubuhi ya Jumatano, Mpanda, wakati wazamiaji wanavua kofia zao upande wa barabara, yeye alizunguka nyuma ya nyumba.

Wanawake sita walikuwa wameketi kwenye mkeka, migongo ukutani, kofia wameshazivua. Mmoja mwenye kilemba cha kijani alikuwa akila ugali wa moto, tonge juu ya tonge, akiungua na kupuliza.

"Dada, usikae hapo," alimwambia Skolastika kwa upole. "Tunasubiri kuanguka."

"Mbona unakula haraka hivyo?"

"Nikianguka na njaa, nitaamka kesho nikiwa nayo."

Na kweli, kabla hajamaliza kunawa, mikono yake ikalegea ndani ya bakuli. Skolastika alimlaza ubavu, akamfuta maji kwa upande wa khanga. Mwanamke yule alikuwa na sura ya mtu aliyepigwa.

Skolastika alirudi kwenye lori, akamkuta Fundi Shembilu kwenye usukani, anapiga mluzi. Shembilu ndiye aliyekuwa mkuu wa wazamiaji, Msambaa mfupi, mwembamba, mzaliwa wa milimani aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka thelathini na kuwapita waliozaliwa ufukweni. Alikuwa ameendesha tangu Tanga akipokezana na wenzake, maana malori yenye mitungi ya gesi hayakuruhusiwa kuendeshwa na mwingine. Sasa uso wake ulikuwa mkavu, safi, kama mtu anayekwenda harusini. Skolastika alitamani kumnasa kibao.

"Umelala vizuri, fundi?"

"Kama mtoto."

"Aliyelala ni mama mmoja mwenye kilemba cha kijani. Amelala na ugali mdomoni."

Mluzi ukafa. Walikwenda kilomita nyingi, miombo pande zote mbili, matawi yakikwaruza turubai. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Shembilu alikuwa ameubebesha watu miaka yote bila kujua kanda lake lina nini.

"Hatuoneshwi," alisema mwishowe. "Mimi huwa nagonga ukuta."

"Unagonga?"

"Chini kule, tope likitibuka, humwoni mwenzio hata akiwa hapa. Unagonga bomba mara mbili. Maana yake, nipo. Na mwenzio akigonga, unajua yupo. Sasa na kwenye vituo, nikishavua kofia, nagonga ukuta mara mbili. Nisije nikaondoka tu kama mwizi." Akabadilisha gia. "Hakuna anayejibu. Isipokuwa Kasongwa. Kasongwa kuna mmoja hunijibu mara tatu. Halafu anakohoa."

Skolastika aligeukia dirisha.

"Huyo anayekohoa ni mama yangu. Na baada ya kukujibu wewe, huenda kitanda kingine akapokea mwingine, halafu kingine tena."

Shembilu alipunguza mwendo, kisha akaegesha kabisa kando ya barabara. Lori la nyuma likapiga honi.

"Mbona hamkutuambia?"

"Mbona hamkuuliza?" Skolastika alimjibu, na papo hapo akajua kwamba swali lile lilikuwa lake pia.

3

Waliingia Kasongwa saa sita mchana. Ndoo tupu zilipangwa kando ya barabara kutoka kanisani hadi sokoni, kila moja na jiwe ndani ili upepo usiibebe. Watu walipoyaona malori walipiga vigelegele. Mzee mmoja alivua kofia yake. Skolastika alishuka akiona aibu.

Kituo kilikuwa ghala la zamani la mahindi, limegawanywa kwa ukuta wa mbao. Mlangoni alisimama Pankrasi, binamu yake, msimamizi, funguo kiunoni na fulana iliyopauka kifuani: WATU WA KWETU HAWACHOKI.

"Dada Skola! Mbona hukutuarifu?"

"Fungua."

"Wapokezi wanajiandaa, si vizuri kuwa..."

"Pankrasi, fungua kabla sijafungua na lori."

Ndani kulikuwa na vitanda kumi na viwili, shuka zimenyooshwa, kofia zinaning'inia. Vitanda vinane vilikuwa vitupu. Kwenye vinne vya kwanza walikaa watu: mzee Desideri aliyekuwa katekista, wanawake wawili wa mtaa wa juu, na kwenye kitanda namba tatu Mama Gaudensia, mama yake, akinywa uji. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Aliyekaa pale ungempa themanini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakuita?"

Skolastika alihesabu kwa kidole, kwa sauti, kama anahesabu kuku: mmoja, wawili, watatu, wanne. Kisha akamgeukia Pankrasi.

"Eleza."

Pankrasi alieleza akitazama funguo zake. Usingizi ulikuwa na nusu saa njiani kabla haujamfikia mpokezi. Basi wazamiaji waliitwa wawili wawili, akawaambia umeme ni mdogo. Wapokezi wanne wakavaa kofia kwenye vitanda vinne vya kwanza. Wakimaliza, wanakimbilia vinne vya katikati, wanapokea tena. Kisha vinne vya mwisho.

"Ile zamu ya tatu," alisema, "wengine huwa wameshaanza kuanguka. Mimi huwashika kichwa."

Skolastika alimkunja fulana kifuani kwa mikono yote miwili, akamsukuma hadi ukutani. Alitaka kumtukana, akajikuta macho yake yako juu ya maandishi, na maneno yale yalikuwa yake mwenyewe.

"Mwache mtoto wa watu," alisema Mama Gaudensia. "Mimi ndiye niliyepanga hivyo."

"Na wale wengine wanane wako wapi?"

Desideri alitupa jicho pembeni, kulikokuwa na pazia la khanga. Skolastika akalivuta.

Kwenye godoro chini alilala mama yake mdogo, Leokadia, mikono imekunjwa vizuri, nywele zimesukwa upya. Alikuwa anapumua polepole, kinywa wazi kidogo. Kando yake palikuwa na kijiko na kikombe cha uji.

"Uliniambia yuko Mbeya kwa mwanawe."

"Ningekuambia nini?"

"Amelala tangu lini, mama?"

"Tangu Ijumaa Kuu. Alipokea kabla siku zake kumi na nne hazijatimia."

Na Pentekoste ilikuwa imeshapita. Leokadia alimeza ukimpa kijiko, na aligeuzwa mara tatu kwa siku asioze ubavu. Aliogeshwa na dada yake. Walipomwona hivyo, wapokezi saba walihama kijiji, na nani awalaumu.

"Sasa hata maji ya kumwogesha sina," alisema Mama Gaudensia. "Siku tisa nampangusa kwa kitambaa kikavu. Kwa hiyo weka saini yako, wale watu waende wakafungue bomba."

"Mama, utalala usiamke."

"Nimeshaamka mara nyingi."

"Kwa nini? Niambie kwa nini, kwa ajili ya nini hasa?"

Mama Gaudensia aliweka bakuli la uji kitandani. Sasa naye alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya siku nyingi.

"Vitanda vikipungua kumi na viwili, kituo kinafungwa. Kikifungwa, wewe huko Dodoma utaficha wapi uso? Ulisimama mbele ya watu wazima ukasema watu wa kwetu hawachoki. Ulijirekodi mwenyewe, ukanitumia nisikie. Nilisikia. Nikasema, mwanangu hataitwa mwongo kwa sababu yangu."

"Mimi sikukuomba!"

"Hukuomba. Ulihesabu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, Skola, na wewe umevihesabu hivi miaka miwili kutoka kwenye kiti. Usije leo kunifundisha kulala."

Skolastika alitoka nje kwa sababu angebaki angelia, na hakutaka kulia, alitaka kuvunja kitu. Mlangoni akakutana na Editruda, muuguzi wa zahanati, mikono kiunoni.

"Nasikia mpangaji ana wasiwasi," alisema Editruda. "Mimi nina wajawazito wawili, wa leo au kesho. Nina debe moja la maji yaliyochemshwa. Moja. Maji ya mtoni ni tope jekundu. Uniambie na mimi wasiwasi wangu niuweke wapi."

Simu ililia. Semkiwa.

"Umefika? Umeona?"

"Nimeona watu wanne. Na mmoja asiyeamka."

"Huyo ripoti yake haikufika kwangu."

"Imefika sasa."

"Skola, nisikilize. Mtu mmoja akipotea kwa siku hizo mbili, ni saini yako."

"Najua. Na hawa wanne wakilala moja kwa moja, ilikuwa saini ya nani?"

"Yako pia," alisema Semkiwa, bila ukali. "Zote ni zako. Ndiyo kazi yetu hiyo."

Alikuwa sahihi, na Skolastika alimchukia kwa hilo. Akakata simu. Alisimama mlangoni kama alivyoapa, karatasi imebanwa kwenye ubao, kalamu mkononi. Nyuma yake mama yake alikuwa ameshashusha kofia kichwani bila kungoja mtu. Mbele yake ndoo tupu zilinyooka hadi kanisani. Alichokuwa anatakiwa kuandika ni nani achoke, na hakukuwa na sehemu ya kuandika kwamba asichoke mtu.

Lakini karatasi ile ilikuwa imewauliza wanne hawa peke yao tangu Leokadia alale. Ikawauliza tena na tena, kwa majina ya watu waliokimbia. Akaandika: Kasongwa, wazamiaji walale wenyewe, siku mbili. Akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Fundi Shembilu aliisoma, akarudi upande wao wa ukuta, akatandika mkeka, akavua viatu. Wenzake watano wakamfuata. Hakuna aliyebisha.

Waliobisha walikuwa nje. Habari ilifika sokoni kabla ya Skolastika, na ndoo ya kwanza ilimpita karibu na sikio.

"Mtoto wa Gaudensia katuletea malori ya kulala!"

"Siku mbili! Anajua siku mbili ni nini, huyo wa Dodoma?"

Skolastika aliwaita Editruda na Pankrasi, akamkabidhi Pankrasi funguo za gari dogo lililoongoza msafara, kinyume cha kanuni zote alizowahi kuzichapa, akamwambia awapeleke wale kina mama wawili Mpanda sasa hivi, polepole penye makorongo. Mmoja alikuwa ameshashikwa na uchungu. Mume wake alipofunga mlango wa gari alimsogelea Skolastika uso kwa uso.

"Ukisikia amekufa," alisema, "ujue ni wewe."

"Nitajua," alisema Skolastika.

4

Siku mbili hizo mama yake hakumsemesha. Skolastika aliteka maji ya tope mtoni, saa mbili kwenda na kurudi, ndoo kichwani, akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha na kuyapeleka zahanati. Njiani watu walimpisha bila salamu. Mara tatu kwa siku alimgeuza Leokadia, na kila alipomwinua alishangaa wepesi wake. Kutoka upande wa pili wa ukuta ilisikika mikoromo ya watu sita, mizito, ya watu wanaolala usingizi wao wenyewe, na yeye kila saa alitazama simu kuona kama kuna habari za Mpanda. Mtandao ulikuwa umekufa tangu jioni ya Jumatano.

Ijumaa alasiri wazamiaji waliamka, wakanawa kwa kikombe kimoja kimoja, wakapakia. Injini zilipowashwa Fundi Shembilu hakupanda. Alizunguka nyuma ya ghala, uso umevimba kwa usingizi, na Skolastika aliyekuwa ameinamia godoro akasikia mlango wa mbao ukigongwa mara mbili.

Mama Gaudensia, kwenye kigoda, aliinua kichwa. Akakohoa. Kisha akanyoosha mkono, akagonga ukuta mara tatu.

Shembilu aliingia akiwa ameshika kofia yake ya jua kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamkagua kuanzia miguuni, mtu mfupi, mwembamba, asiyejaza hata mlango. "Kumbe wewe ndiye yule mzito."

Shembilu aliizungusha kofia mikononi.

"Wenzako ni uchovu wa barabara," alisema Mama Gaudensia. "Unalala, unaamka, unauma mgongo, basi. Wewe nikikupokea naamka nimelia. Nikawa najiuliza, huyu mtu kabeba nani?"

Mkuu wa wazamiaji aliketi chini, palepale kwenye sakafu ya saruji.

"Nilimwacha mwenzangu," alisema. "Mtwara. Miaka mitatu sasa. Niligonga, hakujibu. Nikapanda."

"Ndiyo," alisema Mama Gaudensia. "Nilijua kuna mtu. Sasa huyo mbebe mwenyewe, mwanangu. Mimi nimembeba nilivyoweza."

Shembilu alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimshuka bila kuyafuta. Kabla ya kuondoka alimsaidia Skolastika kumgeuza Leokadia, akamwekea mto vizuri mgongoni, kisha akatoka na malori yakaanza kuteremka ziwani.

Walizama Jumamosi. Jumapili, katikati ya misa, bomba la kanisani lilikohoa, likatema tope, likatema hewa, halafu maji yakaja. Padri aliachwa na wanakwaya peke yao. Mtandao nao ulirudi, na sauti ya Pankrasi ikaingia kwenye simu ya Skolastika ikiwa imechelewa siku tatu: mmoja kajifungua hospitali, mwingine kajifungulia njiani, kwenye kiti cha nyuma, na wote wanne wazima. Skolastika alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa kanisa. Yule mume alipita na ndoo zake mbili zimejaa, akamwona, akapita. Alikuwa na haki.

Ghalani, Mama Gaudensia alikuwa ameshapasha maji. Alikuwa amevua khanga ya mabega, amekunja mikono, kipande cha sabuni kiganjani.

"Skola," alisema. Lilikuwa neno la kwanza tangu Jumatano. "Shika mguu huo."

Wakamwogesha Leokadia mwili mzima, maji matatu, wakamkausha, wakampaka mafuta. Hakuamka. Mama Gaudensia aligonga ubao wa ukuta karibu na sikio lake mara tatu, akangoja, kama afanyavyo kila siku, kisha akaenda kumwaga maji.

Semkiwa alikuwa ametuma ujumbe: jaza fomu ya kituo, makao makuu wanaisubiri. Skolastika aliketi kwenye kitanda namba tatu akaifungua. Idadi ya vitanda, ilisema. Akafuta idadi ile. Akaandika majina kumi na mawili, ya kweli, wanne waliobaki, saba waliokimbia, na mmoja. Sheria ilikataza, na aliijua sheria hiyo, aliwahi kuifundisha kwa wapangaji wapya. Akaituma kwa Semkiwa, na kwa kila mpangaji wa kampuni, na kwa wazamiaji wote ambao namba zao alikuwa nazo.

Jina la kwanza lilikuwa la Leokadia. Mbele yake kulikuwa na safu ya hali, ambako kwa miaka sita Skolastika alikuwa ameandika neno moja tu, tayari. Aliandika: Bado amelala.